Kilio cha Wimbo wa "Matope"

Kwa ambaye gazeti la wiki jana liliishia kufungia nyama kabla hajafika ukurasa huu, nitarudia kwa ufupi. Mimi ni Jethro Ratemo wa Sironga. Baba yangu, Mzee Zachariah Nyangau, ni mzee wa kanisa la Wasabato, na mwaka wa 1971 alinifukuza nyumbani kwa kosa la kupiga gitaa la umeme. Alisema chombo kinachongoja waya ndipo kisifu, basi kinausifu waya. Nikaenda zangu Kisii mjini, nikaingia bendi ya Makori, na kwa miaka mitatu nikalala njaa nikiwa nimevaa suruali ya bugaluu, ile pana miguuni.

Tangu nianze kusimulia masaibu yangu hapa, mmeniandikia barua nyingi. Nawashukuru. Msichana mmoja wa Kericho ameniambia kwamba kila akisikia kile kilio changu katika wimbo wa "Matope", hulia mpaka shuka likalowa.

Dada yangu, anika shuka lako. Leo naungama.

Kile kilio si cha mapenzi. Si cha yatima, wala si cha kizazi kilichopotea. Ni kilio cha mtu aliyepigwa na stima.

Nianze na wimbo wenyewe, maana hata huo mmeuelewa vibaya.

"Matope" ulizaliwa Nyamarambe, nyuma ya gari. Tulikuwa tumetoka kupiga muziki kwenye harambee ya shule, mvua ikatunyeshea njiani, na gari la Makori likazama mpaka kwenye ekseli. Makori alikuwa kiongozi wa bendi, mpiga besi, na mwenye gari. Kwa hiyo yeye alishika usukani, sisi tukashika matope.

Nilikuwa nimevaa viatu vya raizoni, vile vya soli nene kama tofali. Nikavivua, nikasukuma pekupeku, na kwa hasira nikaanza kuimba:

*Njia ya nyumbani ina matope,*
*nitapita wapi mimi?*
*Viatu nimevivua,*
*miguu imezama.*

Hiyo "nyumbani" ilikuwa chumba chetu cha kupanga nyuma ya kinu cha posho mjini Kisii. Sikuwa na nyumbani kwingine, na wala sikuwa nakufikiria kwingine. Nilikuwa nafikiria soksi.

Makori akatoa kichwa dirishani. "Umesema nini hapo?"

"Nimesema shuka na wewe usukume!"

"La. Kabla ya hapo."

Hivyo ndivyo sanaa inavyozaliwa, ndugu zangu. Mmoja yuko ndani ya gari na mwingine yuko nyuma.

Mwishoni mwa mwaka wa 1973 tukaenda Nairobi kurekodi santuri ndefu. Aliyetutuma ni Gulled Ahmednoor, yule mwenye duka la nguo, taa, betri na santuri pale Kisii. Gulled alikuwa amegundua kwamba vijana wameichoka rumba. "Rumba ni ya watu wenye wake," alituambia. "Vijana wanataka roki. Nipeni roki kumi."

Tulikuwa nazo tisa.

Ya kumi ikawa "Matope". Tuliiweka mwisho kabisa wa upande wa pili, mahali ambapo mtu humwekea mgeni asiyemtaka kiti kilichovunjika.

Studio sitaitaja. Nitasema tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha nje, na ndani pia. Viatu vyangu vilikuwa vimelowa, nikavivua. Nikasimama pekupeku juu ya saruji yenye maji, gitaa shingoni, mbele ya maikrofoni ya chuma. Fundi wa kurekodi, mtu mwembamba mwenye miwani, alikuwa ametuonya tusichelewe kwa sababu alikuwa na miadi ya daktari wa meno.

Mpango ulikuwa hivi: nikifika mwisho wa wimbo, ninong'one mstari wa mwisho taratibu, karibu sana na maikrofoni, kama mtu anayeungama.

Nikasogea karibu. Nikasogea karibu zaidi. Midomo ikagusa chuma.

Sijui kama umewahi kupigwa teke na punda ndani ya meno. Mimi nimewahi. Stima iliingilia mdomoni, ikateremka mgongoni, ikatokea kwenye nyayo. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao.

"Tataaaa!"

Kwetu "tata" ni baba. Nilimwita, kisha nikaangukia ngoma. Ule mngurumo mnaousikia mwishoni mwa wimbo, ambao wataalamu husema ni "radi ya hasira", ni kichwa changu kikipita kwenye matoazi.

Kisha nikaona vidole gumba viwili kwenye kioo. Yule fundi alikuwa amesimama, miwani imemteleza, uso unang'aa.

"Msiguse kitu!" alisema. "Hiyo inabaki!"

Makori akaniinamia pale sakafuni. Nilidhani anakuja kuniinua.

"Ratemo," aliniuliza kwa upole, "unaweza kurudia, tuwe na ya akiba?"

Santuri ilitoka mwezi wa tatu mwaka wa 1974. Nyimbo tisa tulizozitolea jasho hakuna aliyezisikiliza. Ya kumi ikashika nchi. Ilipigwa redioni, ikapigwa kwenye baa, ikapigwa dukani kwa Gulled kuanzia anapofungua mpaka anapofunga. Mwandishi mmoja wa Nairobi aliandika kwamba katika kilio kile alisikia "bara zima likimwita mzee wake aliyepotea".

Nililisoma neno hilo mara tatu. Lengelenge la mdomoni lilikuwa bado halijapona.

Ningeweza kusema ukweli siku ile. Lakini watu walianza kunisalimia kwa mikono miwili. Mama mwenye nyumba akaacha kunifokea. Mtu aliyewahi kuheshimiwa kwa bahati mbaya atanielewa.

Taabu ilianza tulipopanda jukwaani.

Mara ya kwanza kuupiga wimbo huo mbele ya watu ilikuwa Keumbu, siku ya soko, kwa jenereta la kukodi. Watu walijaa mpaka juu ya malori. Nilipokaribia mwisho, wote walinyamaza. Akina mama waliweka mikungu ya ndizi chini. Mimi, aliyeumwa na nyoka, nikasimama umbali wa dhiraa nzima kutoka kwenye maikrofoni, nikapanua kifua, nikaita.

Ikatoka sauti ya mbuzi anayeomba chumvi.

Dereva mmoja wa lori akapiga kelele, "Huyo hamwiti baba, anamwita shangazi!"

Na mama mmoja mwenye ndizi akaniambia kwa huruma, huruma inayochoma kuliko tusi, "Mwanangu, baba yako ameshasikia. Nyamaza sasa."

Tuliondoka Keumbu na maganda ya ndizi kwenye nywele. Nilikuwa na afro kubwa, yaliingia mengi.

Makori hakukata tamaa. Tulipopiga mara ya pili alimweka mpiga ngoma nyuma yangu na sindano. Nikaruka, nikatukana kwa Ekegusii, lugha yetu, kwenye maikrofoni, na mwalimu mkuu akatufukuza shuleni kwake. Mara ya tatu alinipaka pilipili ulimini. Nikapiga chafya dakika nne.

"Tatizo ni moja," Makori alisema. "Sauti ile ililetwa na stima. Basi turudishe stima."

"Iweke kwenye mdomo wako."

"Mimi siimbi, Ratemo. Mimi nafikiri."

Nikakataa katakata. Niliapa kwa mama yangu kwamba sitagusa chuma tena. Na ningekishika kiapo hicho, lau Gulled hangeniita dukani Jumatano moja asubuhi.

Alikuwa anapima kitambaa. Hakuinua macho.

"Kijana, babako alikuja hapa Jumatatu."

"Kunitafuta mimi?"

"Kutafuta kufuli."

"Aa."

"Ngoja. Alisimama hapo mlangoni, mvua inanyesha. Mimi santuri yenu inazunguka kama kawaida. Ikafika pale mwisho, pale unapoita. Mzee akashika mlango. Akaniuliza, 'Huyo anayelia ni nani?' Nikamwambia ni Jethro, wa bendi ya Makori. Akasema, rudisha. Nikarudisha. Akasema, rudisha tena. Mara nne, wallahi. Kufuli akasahau. Akanunua santuri."

"Bwana Gulled, baba hana gramafoni. Hata redio hana."

"Nilimwambia hivyo hivyo." Gulled akaweka mkasi chini, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Akasema, 'Sihitaji kuipiga. Sitaki tu alie hapa dukani kwako, mbele ya watu.'"

Nilitazama kitambaa. Kilikuwa cha maua ya njano.

"Anakuja Jumapili," Gulled akaendelea. "Kwenye bugi la mchana, ukumbi wa mji. Yeye na mamako. Amesema anataka kukusikia ukimwita kwa masikio yake. Ukimwita kwa moyo, atakuchukua nyumbani mbele ya watu wote."

"Baba? Kwenye dansi?"

"Nitawawekea viti mbele. Na kijana, usinipe ile ya Keumbu. Watu hawanunui matope. Wananunua kilio."

Nilitoka nje, nikasimama barabarani kama mtu aliyesahau anakoenda.

Lazima niwaambie kuhusu mama. Jina lake ni Eucabeth. Kwa miaka mitatu hakuruhusiwa kuongea nami, na mama yangu si mtu wa kuvunja neno. Lakini siku moja nilimwona sokoni Keumbu, ng'ambo ya barabara. Aliponiona alijificha nyuma ya mikungu ya ndizi, ili jioni akiulizwa asidanganye. Kisha mkono wake ukatokea juu ya ndizi. Ukarekebisha kitambaa cha kichwa. Ukakirekebisha tena, ingawa kilikuwa kimekaa sawa.

Hiyo ndiyo salamu niliyoishi nayo.

Sasa, mtu mwema angepanda gari mpaka Sironga siku ile ile. Angepiga magoti mbele ya baba yake na kusema: wimbo ni wa gari, kilio ni cha stima, nisamehe. Labda wewe unayesoma ungefanya hivyo. Hongera.

Mimi nilikwenda kwa Makori.

"Ile stima yako," nilimwambia. "Bado unaitaka?"

Makori alinikumbatia. Aliniita msanii. Jumapili asubuhi alikuwa ukumbini kabla ya watu wa kufagia, ameshika koleo na kisu. Gulled alikuwa amenunua maikrofoni mpya, salama, yenye mpira mdomoni; Makori akaumenya mpira ule kama viazi. Akafungua nyaya za kipaza sauti, akazisokota alivyoona yeye. Akamwaga maji kwenye kigunia, akakitandaza mahali nitakaposimama.

"Itakuwa ndogo," aliniambia. "Kama ya Nairobi tu, au imezidi kidogo."

"Imezidi kiasi gani?"

"Ratemo, umeanza maswali."

Saa tisa ukumbi ulikuwa umefurika. Wasichana wa sketi fupi, vijana wa bugaluu, moshi wa sigara, kelele. Na katikati ya yote hayo, mstari wa mbele, viti viwili.

Baba alikuwa amevaa koti lake jeusi la Sabato. Biblia kwapani, kofia magotini. Alikaa wima kama mtu aliyeitwa mochari kutambua maiti. Mama alikuwa kando yake, kitambaa cheupe kichwani. Dansi ilipoanza na sketi zikapaa, baba alijifunika macho kwa kofia. Mama hakujifunika. Mama alitazama kila kitu.

Tulipiga nyimbo tisa. Sikumbuki hata moja.

Kisha Makori akatangaza "Matope", na ukumbi ukanguruma. Nikavua viatu. Nikakanyaga kile kigunia. Maji yakanipanda kati ya vidole. Baba akaiweka kofia sakafuni.

*Njia ya nyumbani ina matope,*
*nitapita wapi mimi?*

Nikaona midomo ya mama ikifuata maneno. Alikuwa anayajua yote. Sijui aliyajifunzia kwenye redio ya nani.

*Viatu nimevivua...*

Watu wakatulia. Makori, kule pembeni, akaniashiria kwa kichwa, mkono wake uko kwenye swichi. Nilijiambia: Ratemo, wana wengine huchinja mbuzi wapatane na baba zao. Wewe utachinjwa kidogo tu.

*...miguu imezama.*

Nikafumba macho, nikaweka midomo kwenye chuma.

Pwaa!

Cheche ya buluu ikaruka ukutani, mbali kabisa na mimi. Taa zikazimika. Gitaa likafa mikononi mwangu. Fundi Makori, katika kusokota nyaya zake, alikuwa ameunguza fyuzi ya ukumbi mzima.

Mchana ulikuwa unaingia madirishani, kwa hiyo kila mtu aliniona vizuri. Mpiga ngoma aliendelea peke yake kwa muda, maana ngoma haina waya, kisha naye akagundua, akaacha.

Watu mia tatu walikuwa wananingoja. Midomo yangu ilikuwa bado imeshika chuma baridi. Haikunipiga. Hata kidogo. Sijawahi kuona usaliti kama huo.

"Mwite!" mtu akasema kutoka nyuma.

"Mwite Tata! Mwite!" Wakaanza kupiga makofi kwa pamoja.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata yule mbuzi hakuja.

Ndipo baba aliposimama. Akatembea mpaka chini ya jukwaa, kofia mkononi, na makofi yakafa njiani. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Kola ya koti lake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Nikaujua mkono wa mama katika ule ushonaji.

"*Omwana one*," alisema. Mwanangu. "Nimekuja. Niite."

Nilikuwa nimeidanganya nchi nzima kwa miezi mingi bila kukosa usingizi. Kola ile nikashindwa kuidanganya.

"Tata," nikasema, "ilikuwa stima."

"Stima gani?"

"Kule Nairobi. Maikrofoni ilinipiga mdomoni. Nililia kwa sababu ya stima. Na wimbo wenyewe si wa nyumbani. Ni wa gari la Makori. Lilikwama Nyamarambe."

Mstari wa mbele ulisikia. Ukauambia wa pili. Wa pili ukauambia wa tatu. Kicheko kikaanza kupanda nyuma kama moto wa nyasi. "Stima! Kumbe ni stima!" Msichana mmoja alicheka mpaka akakaa sakafuni. Gulled alikuwa amepanda juu ya benchi, mikono hewani: "Ni mzaha! Ni sehemu ya onyesho! Kaeni!" Makori alikuwa amejificha nyuma ya spika lake.

Baba hakucheka. Alikuwa anafikiri, na baba akifikiri huwa hana haraka.

"Ilikupiga mdomoni?"

"Ndiyo, Tata."

"Iliuma?"

"Iliuma sana."

"Na ilipokuwa inauma, ni Makori aliyekuambia uniite?"

"Hapana."

"Ni yule mzungu wa mashine?"

"Hakuwa mzungu, Tata. Na hakuniambia."

"Ni stima iliyokuambia?"

"Hapana."

"Stima haijui Ekegusii," alisema baba. "Vaa viatu. Twende nyumbani."

Kicheko kilikatika kama kilivyokatika umeme. Kisha mtu mmoja akapiga kofi moja, wa pili akafuata, na ukumbi wote ukasimama. Watu waliokuwa wananicheka dakika iliyopita sasa walikuwa wanafuta macho. Umma ni mama wa kambo. Hujui saa ngapi atakupenda. Baba akaninyooshea mkono nishuke. Mkono ulikuwa mgumu na mkavu.

Kama ningekuwa natunga, ningeishia hapo, na yule dada wa Kericho angelowesha shuka la pili. Lakini nilisema naungama.

Nilikuwa na mguu mmoja jukwaani na mmoja chini, kiatu kimoja mkononi, niliposikia sauti nzito kutoka mlangoni.

"Zachariah! Mwache kijana. Hakuwa anakuita wewe."

Watu wakacheka tena. Walidhani Gulled amepanga sehemu nyingine. Gulled mwenyewe aligeuka kutazama, na kwa uso wake nikajua hakupanga kitu.

Mzee mmoja alikuwa anapita katikati ya watu, mrefu, koti la mvua mabegani, fimbo mkononi ambayo hakuiegemea. Sikuwahi kumwona maishani mwangu. Alisimama hatua nne kutoka kwetu, akanitazama, na alipokuwa ananitazama alilaza kichwa upande wa kushoto.

Mimi nikitazama kitu kwa makini hulaza kichwa upande wa kushoto. Kuna vijana mjini Kisii walioanza kuniiga hivyo, wakidhani ni mtindo wa roki.

"Mtu akiumia humwita baba yake," alisema yule mzee. "Hapo umesema kweli, Zachariah. Sasa mwambie kijana, mama yake alitoka boma la nani kuja kwako. Na mwambie alikuja akiwa na nini tumboni."

Kicheko kikaisha. Mahali fulani nyuma, chupa ya soda ikaanguka na kubingirika, na hakuna aliyeiinamia.

Nikamgeukia baba. Nilingoja amkemee. Baba yangu alikuwa amewajibu wamishonari, amewajibu machifu, na mimi alinijibu kwa miaka ishirini kabla sijamaliza kuuliza. Nilimwona akiivaa kofia yake. Kisha akaivua. Kisha akaivaa tena. Mkono alionipa ulikuwa bado hewani, lakini haukuwa umenishika.

"Tata?" nikasema.

Wazee wote wawili wakageuza vichwa.

Ndipo mama aliposimama. Miaka mitatu sikuwa nimesikia sauti yake. Alinyoosha nguo yake taratibu mbele ya watu mia tatu. Hakumtazama baba, wala hakunitazama mimi. Alimtazama yule mgeni, ambaye tangu aingie mlangoni hakuwa amemtajia mtu yeyote jina lake.

"Ombati," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani juu ya kuku, "keti. Nilikuambia kijana nitamwambia mimi mwenyewe."

Na yule mzee, kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo, akaketi.